Nilivyokwenda Maguu kuhesabu pumzi za watoto wachanga, kila mtoto akaamshwa anisalimie

"Mtu akilala, nani anamkumbusha kupumua?"

Swali hilo niliulizwa na bibi mmoja wa Maguu, huko Mbinga, enzi zile za ruksa, biashara huria ilipoanza kufunguliwa. Nilikuwa na digrii ya chuo kikuu na sikuwa na jibu.

Wakuu, poleni na majukumu.

Leo nimeona mama mmoja humu anauliza kama ni kawaida kichanga chake kunyamaza kupumua kidogo kikiwa usingizini. Nikaanza kumjibu mistari miwili, ikawa kumi, nikafuta. Nikaona nifungue uzi wangu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Majina ya watu nimebadilisha, mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu inayoniaibisha mimi mwenyewe.

Mnijue kwanza.

Mimi ni Mnyasa, kwetu ni mwambao wa ziwa, si mbali na Mbamba Bay. Nyumbani waliniita Kwanini. Mwalimu wa shule ya Jumapili alinitoa nje ya kanisa kwa kuuliza gharika iliwaadhibu vipi samaki. Hadi leo sijajibiwa, kama kuna mchungaji humu anisaidie.

Nikasoma zuolojia chuo kikuu, nikamaliza, nikakuta mambo yamegeuka. Zamani ukimaliza chuo serikali inakupangia kazi. Sisi tuliambiwa soko huria, kila mtu ajitafutie. Wenzangu wakaingia kwenye mitumba na maduka. Mimi nikarudi kwetu kula samaki na kubishana na baba.

Hapo ndipo akatokea Dokta Mbunda.

Dokta Mbunda alikuwa daktari wa watoto, mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtu chumba cha pili. Alikuwa anafanya utafiti wa namna vichanga wanavyopumua wakiwa wamelala. Alitaka msaidizi anayejua kusoma saa, kuandika, na kukaa kimya. Nilikuwa na sifa mbili kati ya tatu, akanichukua.

Ngoja nieleze kidogo, maana bila hapa hamtanielewa.

Kichanga hapumui kama mimi na wewe. Anapumua harakaharaka, halafu kimya. Sekunde tano, saba, hakuna kitu. Halafu anaanza tena kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Kwa mtoto aliyezaliwa ametimia, vituo vifupi vya namna hiyo ni kawaida. Dokta alitaka kujua kama watoto wa milimani, kwenye baridi na hewa nyepesi, wananyamaza zaidi ya watoto wa ziwani.

Vifaa vyetu vilikuwa stopwochi, fomu, mizani ya kuning'iniza, na kipande kidogo cha karatasi nyekundu. Karatasi unaibandika kwa plasta juu ya tumbo la mtoto. Ikipanda na kushuka, anapumua. Ikisimama, unabonyeza saa.

Na kulikuwa na kanuni moja. Dokta aliiandika juu ya kila fomu kwa mkono wake: sekunde kumi na tano, mguse mtoto. Hakuna kusubiri kumi na sita.

Ziwani kazi ilikwenda kama mtumbwi kwenye maji matulivu. Mimi ni mtoto wa pale, naingia jikoni bila hodi, naulizwa nimekula nini, mtoto amelala pembeni. Nikahesabu nikatosheka. Nikamwambia Dokta kazi hii ni nyepesi.

Tukapanda Umatengo, huko milimani.

Siku tuliyoingia Maguu, Landrova haijazimwa, mzee mmoja akaiona mizani yetu. Wakati huo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa ndio wameanza kupandisha huko na mizani zao, wakishindana na chama cha ushirika. Mzee akatukagua.

"Mbona mwaka huu mmewahi? Kahawa bado mbichi."

Dokta akamwambia, "Shikamoo mzee. Hatununui kahawa. Tunapima watoto."

"Marahaba." Mzee akatafakari. "Kumbe hata watoto sasa ni ruksa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ila nilicheka mapema mno.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Osmunda. Alikuwa anaishi na mkwe wake, Skola, binti ambaye mume wake alikuwa Mbinga mjini anajaribu bahati kwenye mitumba. Skola alikuwa amejifungua wiki chache nyuma, na mtoto alikuwa amekuja kabla ya miezi yake kutimia. Njiti. Jina lake Kandida.

Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikaamkia, nikapewa kigoda. Mtoto amelala fofofo kifuani kwa Skola. Moyoni nikasema safi.

Bibi Osmunda akageuka. "Skola, mwamshe mtoto amsalimie mgeni."

"Bibi, muacheni tu. Nimekuja kumtazama akiwa amelala."

Akaniangalia kama nimesema nimekuja kutazama chungu kikiwa kimefunikwa.

"Mgeni atoke mbali hivyo, mwenye nyumba amgeuzie mgongo akikoroma? Mkirudi ziwani mtasema Wamatengo hawana adabu."

Kandida akaamshwa. Akanisalimia kwa kulia.

Nyumba ya pili hivyohivyo. Ya tatu mtoto alikuwa ameshaamshwa, kaogeshwa, kavalishwa soksi, ananisubiri. Habari zilikuwa zinatangulia mbele yangu. Hata nyumba za kuelekea Namswea, ambako nilidhani hawatujui, nilikuta vichanga macho kodo kama wajumbe kwenye kikao.

Wiki nzima fomu zangu zilisomeka hivi: Macho. Analia. Macho. Ananyonya. Macho.

Dokta akazipitia, akavua miwani, akauliza kwa upole wake ule, "Sisi tunatafiti usingizi au salamu?"

Mimi nikaanza kulaumu watu. Nikasema hawa wamezidi ustaarabu. Nikasema wanatuharibia sayansi. Nikarudi kwa Bibi Osmunda nimenuna, nikamuuliza waziwazi, "Bibi, mtaacha lini kuniamshia watoto?"

"Utakapoacha kuwa mgeni."

"Na nitaacha lini?"

Alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akanipa jembe.

Wakuu, ile methali ya mgeni siku mbili tuliikariri wote darasa la tatu. Digrii yote ile, na mimi nilikuwa siku ya nane bado nimekalia kigoda.

Ilikuwa msimu wa ngoro. Kwa wasiojua, Wamatengo wanalima kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe anapita kwa tahadhari. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana mpaka zinatoa miraba, halafu unachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi. Unabaki na mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki, na mvua ije itakavyo, udongo haushuki. Kufyeka ni kwa wanaume. Kufukia ni kwetu wanawake.

Nilifukia siku tatu. Viganja vikatoa malengelenge. Wanawake wa Maguu walikuwa wakinitazama wanakaa chini kwa kicheko.

"Mnyasa, hilo ni jembe, si kasia!"

"Muacheni, anatafuta samaki humo!"

Siku ya tatu mchana nikashuka na wenzangu, matope hadi magotini, nikaingia kwa Bibi Osmunda bila hodi, nikachota maji mwenyewe. Hakuna aliyeinuka. Skola alikuwa anachambua maharage. Kandida alikuwa amelala kifuani kwa Bibi, na hakuna aliyemwamsha.

Toka siku hiyo nikapata usingizi wa kuhesabu, nyumba hadi nyumba.

Isipokuwa nyumba ileile ya Bibi Osmunda. Pale kulikuwa na tatizo jingine.

Bibi alikuwa hamlazi Kandida. Alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kitenge juu, akawa anatembea naye na kufanya kazi zake. Akichoka, Skola anapokea. Na kila baada ya muda kidogo, Bibi anaingiza mkono ndani ya kitenge na kumtekenya mtoto unyayo. Hata akiongea na mtu. Hata akisali. Mkono unajua njia.

"Bibi, kwa nini unamtekenya?"

"Namkumbusha."

"Unamkumbusha nini?"

"Kupumua."

Nikatabasamu, lile tabasamu la wasomi, mnalijua. Nikamwambia mtu hakumbushwi kupumua, mwili unapumua wenyewe.

Ndipo akaniuliza lile swali. Mtu akilala, nani anamkumbusha? Wewe ukilala hujui ulipo, hujui jina lako, nani anakwambia vuta, toa?

Nikasema ni ubongo. Akasema ubongo nao umelala. Nikasema si wote. Akasema, "Haya, ni upande gani unaokesha, na kwa mtoto ambaye hajamaliza kuumbwa, huo upande umeshafika?"

Nikakohoa nikaomba maji.

Sasa nisikilizeni hapa.

Kandida ndiye mtoto mdogo kuliko wote niliokuwa nao. Kwenye mizani yetu mshale ulitikisika tu. Mtu yeyote wa utafiti angemtaka. Lakini kwa utaratibu wetu mtoto alitakiwa alale peke yake, chali, bila kuguswa, nusu saa. Nikaanza kumbembeleza Bibi.

"Bibi, huo mkono wako unaharibu data."

"Data ndiyo nini?"

"Ni ukweli ulioandikwa."

"Basi andika kwamba alikuwa kwa bibi yake."

Nikamgeukia Skola. Skola alikuwa ananiamini, tulilingana umri, na alikuwa ananionea wivu kidogo kwa kusoma. Nikamwambia ni nusu saa tu, nitakaa hapo hapo, sitaondoa macho. Akamwomba mkwewe. Bibi hakupenda, ila akamfungua mtoto.

Ilikuwa mchana kweupe. Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba chini ya dirisha, tukamfunika miguu. Mikahawa ilikuwa imesogea hadi ukutani, matawi yake yanaingia dirishani. Nikabandika karatasi yangu nyekundu. Bibi akakaa mlangoni na ungo wake wa maharage. Skola akatoka kwenda kisimani.

Dakika za mwanzo nzuri tu. Kituo cha sekunde sita. Nane. Kumi. Naandika, nafurahi, hivi ndivyo vitu nilivyokuwa navitafuta.

Halafu karatasi ikasimama.

Kumi. Kumi na mbili. Kumi na tano.

Mkono wangu ulikuwa karibu na mguu wake kama nilivyo karibu na simu hii. Kanuni ilikuwa mbele yangu, kwa mwandiko wa Dokta.

Sikumgusa.

Nimejiuliza miaka mingi, na jibu la kweli ni moja. Sikuganda, wala sikuogopa. Nilitaka kujua ataanza mwenyewe lini.

Kumi na nane. Midomo ikaanza kugeuka rangi ya zambarau. Ishirini. Bado natazama saa.

Bibi Osmunda hakuwa na saa. Alikuwa mlangoni ameinamia maharage. Nilichosikia ni ungo umeanguka, na mwanamke wa umri ule amenipita kama hana magoti. Akampiga kidole kwenye unyayo, mara mbili, akamgeuza, akamsugua mgongo.

"We Kandida! Huko unakokwenda hujaitwa! Rudi hapa!"

Kandida akavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka ziwani. Halafu akalia. Sijawahi kupenda kelele namna ile.

Nikabonyeza saa. Ishirini na mbili.

Bibi akamrudisha kifuani, akafunga kitenge. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Ulikuwa unasubiri nini?"

Hilo nalo sikulijibu. Tofauti ni kwamba jibu lake nilikuwa nalo.

Ningeweza kuandika kumi na tano kwenye fomu. Nani angejua? Niliandika ishirini na mbili, nikatembea hadi kwa Dokta, nyumba ya tatu, nikamkabidhi.

Akasoma. "Kanuni yetu ni ngapi?"

"Kumi na tano."

"Hizi saba za juu ni za nani?"

"Zangu."

Hakupandisha sauti. Akaikunja fomu, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Washa gari. Tutazungumza mtoto akiwa salama."

Hospitali ilikuwa mbali na barabara zetu za wakati ule mnazijua. Bibi Osmunda alikaa mbele, Kandida kifuani, mimi na Skola nyuma. Skola alikuwa amekutana na habari njiani na ndoo yake kichwani. Kwenye mashimo makubwa alinishika mkono, na sikujua kama ni kusamehewa au ni kuogopa kuanguka. Bibi naye kila kona mkono ndani ya kitenge.

"Anapumua?" Dokta anauliza huku anakata kona.

"We endesha," Bibi anamjibu. "Kwa huku nipo mimi."

Hospitali muuguzi akataka mtoto alazwe peke yake, azungushiwe chupa za maji moto, kama ilivyokuwa desturi. Dokta akasema hapana, huyu anakaa kifuani kwa bibi na mama yake, wapokezane. Muuguzi akauliza, hatuna mashine ya kumwangalia, tutajuaje akinyamaza?

Dokta akamwonyesha Bibi Osmunda. "Mashine hiyo hapo."

"Mashine ni wewe," Bibi akajibu, na kwa mara ya kwanza siku ile watu wakacheka.

Wakakaa wiki kadhaa. Kandida akanenepa, vituo vikapungua, vikaisha. Akarudi Maguu mgongoni kwa mama yake.

Mimi Dokta hakunifukuza. Nilimwomba anifukuze, akakataa. Alisema mtu aliyeandika ishirini na mbili wakati angeweza kuandika kumi na tano bado anafundishika. Ila aliniondolea saa mwezi mzima, nikawa nabeba mizani tu. Na fomu zikabadilika. Hakuna tena mtoto kulazwa peke yake. Tukaongeza safu mpya: amebebwa na nani.

Kama Bibi alivyosema siku ile. Andika kwamba alikuwa kwa bibi yake.

Mtaniuliza matokeo ya mlima na ziwa. Nitasema ukweli: watoto tuliowapata walikuwa wachache mno kuthibitisha lolote, na anayekwambia amethibitisha kwa watoto wachache vile, muulize maswali. Mimi bado ni Kwanini.

Kandida leo ni mama wa watoto wawili na ana mgahawa pale Kitai, mabasi ya Songea yakisimama ndio wateja wake. Niliwahi kushuka pale nikala wali maharage. Aliniamkia kwa heshima zote, mama yake alishamwambia mimi ni nani. Akaniambia, "Mama, mimi ndiye yule uliyenihesabu."

Kilichonibakia ni hiki. Kuuliza "kwa nini" ni kuzuri, sijaacha na sitaacha. Lakini kuna swali la kuuliza kwanza: nani analipia muda ninaosubiri jibu? Mimi nilitaka sekunde saba za kujua, na zilikuwa zinatoka kwa Kandida.

Na kwa yule mama aliyeuliza: vituo vifupi kwa mtoto aliyetimia si ajabu. Ila kituo kikiwa kirefu, au akibadilika rangi midomo, au ni njiti, usisome nyuzi za watu, mguse na umkimbize hospitali.

Madaktari na wauguzi humu njooni mnirekebishe nilipopotoka. Wamatengo nanyi njooni mseme kama kwenu bado vichanga wanaamshwa wasalimie wageni, au mmeshakuwa wa kisasa. Matusi kuhusu zile sekunde saba nayapokea, nimeshajitukana zaidi.

Nimebakiza jambo moja. Kabla sijalisema, naomba mtu asikimbilie jikoni. Dawa nitakayoitaja inatolewa na daktari, kwa kipimo cha matone, mtoto akiwa chini ya uangalizi. Ukijaribu nyumbani utaua mtoto.

Miaka mingi baada ya Maguu nilikuwa kwenye wodi ya njiti ya hospitali moja kubwa, kikazi. Muuguzi alikuwa anampa dawa mtoto wa saizi ya Kandida. Nikauliza, kama kawaida yangu, hiyo ni ya nini. Akasema ni ya kuukumbusha ubongo wake kupumua, mpaka ule upande unaokesha ukomae. Alitumia neno hilohilo, kukumbusha. Nikaomba kichupa nikasoma.

Kafeini. Ileile iliyomo ndani ya kahawa, iliyokuwa inaingiza matawi yake dirishani juu ya kitanda cha Kandida.